Vipimo vya Pwani, Gari la Mlimani: Historia ya Kutambua Uzito wa Gia Manga

Historia ya ufundi wa magari katika mgongo wa Manga, unaopita kati ya kaunti za Kisii na Nyamira, haiwezi kutenganishwa na mwinuko wa nchi yenyewe. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara zinazoupanda mgongo huo zinaendelea kwenda juu zaidi, zikipinda katikati ya migomba na mashamba ya chai, katika eneo linalopata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Gari linalofika hapo likiwa limezeeka, hasa gari refu la magurudumu manne lenye gia za kujibadili zenyewe, halina njia ya kuuficha udhaifu wake, kwa kuwa kosa ambalo katika barabara tambarare ya Mombasa lingejificha kwa miaka miwili huonekana Manga katika mlima wa kwanza. Lakini mlima huohuo pia husingizia, maana humfanya mwenye gari aamini kwamba giaboksi imekufa wakati kilichopungua ni hewa tu. Namna fundi alivyojifunza kuutenga uongo wa mlima na ugonjwa wa chuma ndiyo inayofuatwa hapa.

Ustadi wa chuma katika nchi ya Abagusii ni wa kale kuliko gari. Mhunzi aliitwa omoturi, na jina Moturi linaloendelea kutolewa kwa watoto wa Kisii linatunza kumbukumbu ya kazi hiyo. Hata hivyo, si sahihi kumchora fundi wa gereji kama mrithi wa moja kwa moja wa mhunzi, kwa sababu mhunzi aliunda kitu kipya, ilhali fundi wa gari alianza kwa kufungua kitu kilichoundwa na wengine. Nafasi yake ilitokana na mazao ya biashara: kahawa ya wakulima Waafrika, iliyoanza kujaribiwa Kisii katika miaka ya 1930, kisha chai ya wakulima wadogo, ambayo ilidai malori yanayoweza kukusanya majani mabichi na kuyafikisha kiwandani kabla hayajaharibika. Land Rover, malori, na baadaye Peugeot 404 na 504 yaliyogeuzwa kuwa matatu, yote yalikuwa magari ya gia za mkono, na ugonjwa wake ulikuwa wa kusikika na kushikika. Klachi iliyokwisha, yaani sahani inayounganisha injini na giaboksi, ilijulikana injini ilipolia kwa nguvu huku gari likibaki palepale. Meno ya gia yaliyoliwa yalijulikana kwa mlio, na gia iliyokuwa ikiruka ilijulikana kwa mkono wa dereva uliolazimika kuishikilia njia nzima. Kuthibitisha kulimaanisha kuishusha giaboksi na kutazama.

Utamaduni huo wa kushusha na kutazama ndio uliolea jua kali, jina ambalo Wakenya walilipa kundi la mafundi wanaofanya kazi nje, pasipo paa. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya iliwaonyesha wapangaji wa uchumi kwamba kazi za namna hii zilikuwa sekta yenye uzalishaji wake, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 serikali nayo ilianza kuitambua sekta hiyo waziwazi. Mafunzo yalikuwa ya aina mbili zilizokaa bega kwa bega bila kuaminiana sana: chuo, ambacho kwa wenyeji kilikuwa hasa Taasisi ya Teknolojia ya Gusii, iliyozaliwa katika wimbi la vyuo vya harambee la miaka ya 1970, na uanagenzi wa gereji, ambapo kijana alianza kwa kuosha vyuma na kupokeza spana, kisha, akiwa na ada na ujasiri, akaenda kufanya mtihani wa daraja wa serikali ili apate cheti. Kile ambacho njia zote mbili zilifundisha kwa miaka mingi kilikuwa giaboksi ya mkono.

Gia ya kujibadili yenyewe ilikuwa imekwisha kuzeeka huko ilikotoka. Mwaka 1905 Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya chombo cha kupitisha nguvu kwa umajimaji, akiwa na nia ya kuzitumikia meli. Kampuni ya General Motors iliuza giaboksi yake ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na katika Vita vya Pili vya Dunia giaboksi hiyohiyo ikatumika katika vifaru vyepesi vya Marekani. Toyota ilikuja na Toyoglide mwaka 1959, na mwaka 1969 ikaanzishwa Aisin-Warner, kampuni ya ubia wa Wajapani na Wamarekani ambayo giaboksi zake zingekuja kujaa chini ya Hilux Surf na Prado. 

Muundo wake unahitaji kuelezwa, kwa kuwa utambuzi wote unautegemea. Mahali pa klachi ya mguu pana konvata, chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambamo feni moja inayozungushwa na injini huisukuma oili ikaizungushe feni ya pili iliyoungana na giaboksi, na katikati yao pana feni ya tatu, ndogo, inayoruhusiwa kuzunguka upande mmoja tu, ambayo huirudisha oili kwa mwelekeo unaoongeza nguvu gari linapoondoka. Nyuma ya konvata zimo gia zilizopangwa kama sayari, moja katikati na nyingine ndogo zikiizunguka, na uwiano wake hubadilishwa na mafungu ya sahani za klachi zinazobanwa kwa shinikizo la oili. Oili, kwa hiyo, ni mkono unaobana, ni kilainishi, na ni kipoza joto kwa wakati mmoja, na ikipungua au kuungua kazi zote tatu huharibika pamoja.

Magari haya yalifika Kenya kwa wingi baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji na ya fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo magari yaliyotumika Japani, nchi ambayo kufikia wakati huo ilikwisha kuizoea sana gia ya kujibadili, yalianza kushushwa bandarini Mombasa. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 cha mwaka 2000 kikaja kuweka mpaka wa miaka minane kwa gari linaloingizwa nchini. Mpaka huo unahesabiwa bandarini, si mlimani: gari la miaka saba likikaa miaka mitano Nairobi na mingine minne Kisumu, humfikia mwenyewe wa Manga likiwa na miaka kumi na sita, pamoja na oili ambayo huenda hakuna aliyewahi kuibadilisha. Mwenyewe huyo hulalamika kwa maneno yaleyale siku zote: gari halivuti.

Hapo fundi aliyezoea kushusha alikuta kwamba kushusha hakumsaidii. Giaboksi ya namna hii ikifunguliwa bila uhakika wa kosa humwaga chemchemi na gololi nyingi, na sahani zilizoungua zinaonyesha matokeo bila kueleza chanzo. Vitabu vya watengenezaji vilikuwa na utaratibu tofauti, wa kuhoji kabla ya kugusa. Kwa Toyota za kizazi hicho, kama zile zenye giaboksi ya A340 ya gia nne, kijiti cha kupimia oili husomwa injini ikinguruma na oili ikiwa ya moto. Nyekundu ni uzima, kahawia yenye harufu ya kuungua ni sahani zinazoteleza, na waridi iliyochafuka kama maziwa ni maji yaliyopenya kutoka kwenye rejeta, ambamo mrija wa kuipoza oili hupita. Kisha huhesabiwa muda: mpini ukitoka N (bila gia) kwenda D (mbele), mshtuko mdogo wa gia kuingia unapaswa kusikika kabla ya sekunde 1.2, na kwenda R (nyuma) kabla ya sekunde 1.5. Kuchelewa kuliko hapo huashiria shinikizo dogo au sahani zilizokwisha. Nje ya giaboksi kabisa kuna kebo inayofuata mwendo wa kanyagio la mafuta na kwenda kwenye valvu ya shinikizo. Kebo ikilegea, shinikizo hushuka, gia hubadilika kwa ulegevu, na sahani huungua polepole kwa kosa ambalo lingesahihishwa kwa spana mbili.

Kipimo ambacho mlima uliingilia kati ni kile cha kuikwamisha injini. Gari huzuiwa kwa breki zote, gia ikawekwa D, mafuta yakakanyagwa hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5, maana oili huchemka haraka, na mizunguko ya injini ikasomwa. Mizunguko ikipita kiwango cha kitabu, kitu ndani kinateleza: ikipita katika D peke yake, sahani za kwenda mbele ndizo za kushukiwa, na ikipita katika D na R, hushukiwa oili chache au shinikizo dogo. Ikipungua kotekote, ama injini haina nguvu, ama feni ndogo ya katikati ya konvata imeacha kushika, na kitabu cha Toyota huielekeza shuku kwenye konvata pale upungufu unapozidi mizunguko 600 kwa dakika.

Namba za kitabu, hata hivyo, huchukulia hewa ya usawa wa bahari. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na kwa kuwa mizunguko ya kukwama hufuata kipeuo cha pili cha msukumo wa injini, injini inayopoteza asilimia 18 hivi kwenye mita 1,800 hushuka kwa takriban sehemu moja ya kumi: kama kitabu kinasema 2,200, Manga itasoma karibu 2,000, na gari litakuwa zima. Fundi aliyekariri namba bila kuijua sababu yake angeihukumu konvata kwa kosa la hewa. Aliyeelewa angejua kwamba pengo la 200 ni la mlima na pengo la 600 ni la chuma, na kwamba lililo katikati linamtaka kwanza atazame chujio la hewa, chujio la mafuta na plagi, vitu vya bei ndogo ambavyo mlima mrefu huvikuza hadi vifanane na ugonjwa wa giaboksi. Dizeli yenye turbo, kama ile ya lita 3.0 iliyowekwa katika Surf kuanzia 1993, hupungukiwa kwa kiasi kidogo zaidi, hivyo makosa ya namna hii huangukia zaidi magari ya petroli, RAV4 ndogo likiwemo.

Mlima ulifundisha pia kitu kilichokuwa na faida zaidi ya vipimo vyote. Katika A340, valvu za umeme ziitwazo solenoidi ndizo zinazochagua gia, na zikikosa umeme zote mbili, mpini ukiwa D gari huondoka kwa gia ya nne, ukiwa 2 kwa gia ya tatu, na ukiwa L kwa gia ya kwanza. Katika tambarare gari kama hilo huonekana zito tu. Kwenye mwinuko wa Manga haliondoki. Mpini ukishushwa hadi L na gari likapanda kwa nguvu zake za zamani, sahani na konvata zimejitetea zenyewe, na kosa limebaki katika nyaya, soketi au kompyuta. Kwa magari ya miaka ya 1990 uthibitisho ulipatikana kwa kipande cha waya kilichounganisha vitundu vya TE1 na E1 chini ya boneti, na taa ya O/D OFF ikaanza kupepesa namba: 62 na 63 kwa solenoidi mbili za gia, 42 na 61 kwa vihisio vya mwendo. Baadaye zikaja mashine za kusoma hitilafu kupitia soketi ya pamoja, iliyolazimishwa Marekani kwa magari ya 1996 kisha ikaenea kwingine, na waya ule ukakosa kazi.

Badiliko la mwisho lilimwondolea fundi kijiti. Prado za kizazi cha 120 zenye giaboksi ya gia tano zilikuja bila kipimo cha mkono, zikiwa na oili nyepesi ya aina ya WS na kizibo chini ya sampu, ambacho hufunguliwa oili ikiwa katika joto lililopangwa ili ziada itiririke na kiwango kibaki palepale kwenye mdomo wa kitundu. Rangi na harufu, ambazo zilikuwa elimu ya kwanza ya mwanagenzi, hazipatikani tena bila kulala chini ya gari. Utaratibu huu hudai pia kwamba gari lisimame sawasawa bila kuinama mbele wala nyuma, kwa kuwa kuinama kidogo tu huifanya oili imwagike kupita kiasi au ibaki zaidi ya kiwango, na giaboksi iliyopungukiwa hurudi na malalamiko yaleyale ya kutovuta. Katika mgongo wa Manga, ambako hata uwanja wa nyumba huchongwa kwa jembe kutoka ubavuni mwa kilima, kazi ya kwanza ya fundi wa Prado hizo imekuwa kutafuta mahali palipo sawa.