Asilimia 400 ya Nini?

Programu iliandika asilimia 400 kwa mwaka. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nimekaa kitandani kwenye bedsita yangu Kahawa West, laptopu magotini, nikiijaribu mbinu yangu ya kununua na kuuza euro kwa bei za miaka mitano iliyopita. Wanaocheza foreksi wanalijua jaribio hili. Unaipa kompyuta kanuni zako, unaipa bei za zamani, nayo inakuambia ungekuwa wapi leo kama ungeanza wakati ule. Mimi ningekuwa mbali sana. Nikasema, hapa nimeomoka.

Miezi minne baadaye sikuwa na karo, na muhula ulipofunguliwa sikurudi. Hayo nitayafikia. Kwanza kuna mfuko mmoja wa uwekezaji wa Marekani ulioanguka mwaka wa 1998, kabla sijazaliwa, ambao nimeusoma kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote nikiwa chuoni.

Uliitwa Long-Term Capital Management, kwa kifupi LTCM, na ulianza biashara Februari 1994 huko Greenwich, Connecticut. Mwanzilishi wake, John Meriwether, alikuwa ametoka Salomon Brothers, na alikusanya watu wa hesabu ambao chuo chochote kingewagombania. Wawili kati yao, Robert Merton na Myron Scholes, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1997 wakiwa wabia wa mfuko huo. Wawekezaji, baada ya kukatwa ada, walipata karibu asilimia 20 mwaka wa kwanza, 43 mwaka wa 1995, 41 mwaka wa 1996, na 17 mwaka wa 1997.

Ukiisoma hiyo 43 haraka unadhani jamaa walipata kitu kinachokua kwa asilimia 43. Wapi! Biashara yao moja maarufu ilikuwa hivi. Serikali ya Marekani ikitoa hatifungani mpya ya miaka 30, kila mtu anaitaka, kwa hiyo bei yake inapanda kidogo. Ile iliyotolewa miezi sita kabla, iliyobakiza miaka 29 na nusu, inakuwa rahisi kidogo, ingawa mdaiwa ni yuleyule na atalipa vilevile. LTCM walinunua ile ya zamani, wakaazima mpya na kuiuza, kisha wakangoja bei zikaribiane. Tofauti yenyewe ilikuwa makombo. Ukiifanya kwa pesa zako mwenyewe unapata za kununua chai.

Kwa hiyo walikopa. Benki ziliwaheshimu kiasi kwamba mara nyingi ziliwakopesha karibu thamani yote ya hatifungani walizoweka rehani. Mwanzoni mwa 1998 mfuko ulikuwa na mtaji wa karibu dola bilioni 4.8, na mali iliyozidi dola bilioni 120. Kila dola yao moja ilikuwa imebeba mali ya dola 25 hivi.

Fanya hesabu ya shule ya msingi. Mali ya aina hiyo ikileta asilimia 1.6 baada ya kulipa riba, mtaji unakua kwa asilimia 40. Hiyo 1.6 ndiyo akili ya watu wa Nobel. Zilizobaki zote ni kazi ya mkopo. Na mali ikishuka kwa asilimia 4, mtaji umekwisha wote, hakuna cha 40 wala cha 17.

Desemba 1997 ndiyo iliyonifanya niache kusoma na kusimama dirishani. Walikuwa na pesa nyingi kuliko nafasi za kuziweka. Wakawarudishia wawekezaji wao dola bilioni 2.7 (wengine walinung'unika, walitaka kubaki), lakini mali hawakuipunguza kwa kadiri hiyo. Faida ileile ya dola, ukiigawa kwa mtaji mdogo zaidi, inasomeka kubwa. Hakuna mbinu mpya iliyobuniwa siku hiyo. Walipunguza tu kile wanachogawia.

Halafu tarehe 17 Agosti 1998 Urusi ikashusha thamani ya rubo na kusimamisha malipo ya madeni yake ya ndani. Wenye pesa duniani wakakimbilia vitu salama na rahisi kuuza, yaani vile vile ambavyo LTCM walikuwa wameviuza. Bei zilizotakiwa kukaribiana zikaachana. Tarehe 21 Agosti peke yake walipoteza zaidi ya dola milioni 550. Mwezi ulipoisha, asilimia 44 ya mtaji ilikuwa imekwenda. Na kadiri mtaji ulivyopungua, kila dola iliyobaki ilizidi kulemewa, maana mali haikuuzika kwa kasi hiyo. Tarehe 23 Septemba benki na makampuni 14 yalikutanishwa kwenye Benki Kuu ya New York, yakachanga dola bilioni 3.6 na kuchukua asilimia 90 ya mfuko. Bear Stearns, ambao ndio waliokuwa wakishughulikia malipo ya biashara za LTCM, walikataa kuchanga hata senti.

Waliochukua mfuko wakauza mali zilezile polepole, bila presha. Mwanzoni mwa 2000 ukafungwa, na benki zilikuwa zimesharudishiwa pesa zao. Mimi hapo ndipo panaponiuma. Waliokuwa na nafasi ya kungoja walitoka salama.

Sasa zangu. Karo ilikuwa shilingi 46,000. Niliipeleka kwa broka mmoja mtandaoni ambaye aliniruhusu kushika biashara yenye thamani mara 100 ya dhamana ninayoweka. Nikajiona mtu makini kwa kutumia nusu tu: nikanunua euro za shilingi 2,300,000, broka akashikilia dhamana ya 23,000, na 23,000 nyingine ikabaki kwenye akaunti kama pumzi.

Tuseme euro imepanda kwa asilimia 1. Nimepata shilingi 23,000. Je, hiyo ni faida ya asilimia ngapi? Ukigawa kwa thamani ya euro nilizoshika, ni 1. Ukigawa kwa karo niliyoweka, ni 50. Ukigawa kwa dhamana peke yake, ni 100. Pesa ni zilezile, siku ni ileile, na hakuna aliyedanganya. Programu yangu ilikuwa inagawa kwa dhamana. Mbinu yenyewe, bila mkopo, ilikuwa inaleta asilimia 4 kwa mwaka, chini ya riba ya hatifungani za serikali yetu. Zidisha kwa 100, ndiyo hiyo 400 iliyonikosesha usingizi.

Kwenye ukurasa huohuo, chini kabisa, kulikuwa na namba nyingine ambayo sikuizidisha kwa chochote. Ilisema kwamba ndani ya ile miaka mitano, mbinu iliwahi kushuka kwa asilimia 6 kabla ya kuinuka. Asilimia 6 ya shilingi 2,300,000 ni 138,000. Karo mara tatu. Programu ilipita hapo kama matatu inayopita stejini bila abiria, ikaendelea kuhesabu hadi mwisho, kwa sababu sikuwa nimeiambia kwamba kuna broka, na kwamba broka hangoji.

Kwangu hata hiyo 6 haikufika. Mkataba ulisema nikibakiza nusu ya dhamana, yaani shilingi 11,500, biashara inafungwa yenyewe. Hiyo ni hasara ya 34,500, na kwa thamani niliyoshika ni euro kushuka kwa asilimia 1.5 tu. Ilichukua siku saba. Ilifungwa usiku nikiwa nimelala. Ijumaa ya wiki iliyofuata euro ilikuwa imerudi juu ya pale niliponunulia. Zile 11,500 nilizila kwa kodi ya nyumba.

Wamarekani walilijua hili miaka mingi kabla ya LTCM. Miaka ya 1920 mtu angeweza kununua hisa New York kwa kutoa asilimia 10 au 20 ya bei na kukopa zilizobaki. Tarehe 28 Oktoba 1929 fahirisi ya Dow Jones ilianguka karibu asilimia 13, na kesho yake karibu 12. Mwenye asilimia 10 hakuwahi kuiona hiyo kesho yake. Sheria ya 1934 ikaipa Benki Kuu yao uwezo wa kupanga kiwango cha chini, na tangu 1974 mnunuzi wa hisa hutakiwa kutoa nusu ya bei. Lakini mfuko wa hatifungani kule Greenwich ulikuwa na milango mingine ya kupitia, kama mimi na simu yangu.

Juzi nililirudia lile jaribio. Mbinu ileile, bei zilezile, nikaongeza mistari michache ya msimbo: broka afunge biashara hasara ikifika pale mkataba unaposema. Akaunti ilikufa mwezi wa saba wa mwaka wa kwanza. Faida nyingi zilikuwa mwaka wa tatu na wa nne, na hakukuwa na mtu wa kuzipokea.

Mama nilimweleza Krismasi, nyumbani Webuye, kwa karatasi na kalamu, kwa sababu alitaka kujua. Zile 46,000 yeye mwenyewe alikuwa amezikopa kwenye chama kwa riba ya asilimia 5 kila mwezi, wanawake wawili wakimdhamini. Nikamchorea: hizi ni zetu, hizi ni thamani ya euro, hapa ndipo broka anapofunga. Alinyamaza akiitazama karatasi.

"Baba," akasema, "sasa hizo milioni mbili zilikuwa za nani?"

Sikuwa na jibu zuri. Alimaliza kulipa chama Novemba iliyofuata, kwa mahindi na kwa mandazi. Kabla ya hapo wale wadhamini wawili walikuwa wameshakatwa akiba zao mara moja, na mmoja wao mpaka leo, wakikutana sokoni, huwa anavuka upande wa pili wa barabara.