Radieta haipati moto: anzia wapi kutafuta tatizo?

Kila msimu wa baridi unapoanza Uingereza, wasikilizaji wetu wanaoishi huko hutuuliza swali lile lile: boila imewashwa, lakini chumba kimoja, au nyumba nzima, bado ni baridi. Wengi wao wamekulia Tanga, Mombasa au Zanzibar, ambako hakuna anayejifunza mambo ya radieta. Makala haya yanaeleza mfumo huo unavyofanya kazi, jinsi ya kujua tatizo liko wapi, unachoweza kufanya mwenyewe na kile ambacho lazima umwachie fundi.

Mfumo unavyofanya kazi

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa moto kwa boila ya gesi. Boila hupasha maji, pampu huyasukuma kwenye mabomba hadi kwenye radieta, maji huacha joto chumbani, kisha hurudi kwenye boila. Ni maji yale yale yanayozunguka siku zote, wala si yale unayooga.

Kila radieta ina vali mbili kwa chini, moja kila upande. Moja huwa na kichwa chenye namba, aghlabu 0 hadi 5. Hiyo hufunga njia yenyewe chumba kikifikia joto ulilochagua. Nyingine hufunikwa kwa kifuniko cha plastiki, na kazi yake ni kupima maji mangapi yapite.

Kwa hiyo radieta ikiwa baridi, sababu ni moja kati ya tatu: maji hayapashwi, hayasukumwi, au kuna kitu kimeziba njia.

Radieta zote ni baridi

Anza na mambo mepesi. Je, umeme upo? Kama mita yenu ni ya kulipia kabla, salio la gesi limebaki? Saa ya kuwasha na kuzima imepangwa sawa? Themostati ya ukutani imewekwa juu ya joto la chumba lilivyo sasa? Ikiwa imewekwa nyuzi 16 na chumba kina nyuzi 17, boila haitawaka, na wala haijaharibika.

Kisha tazama kipimo cha presha kwenye boila. Mfumo ukiwa umepoa, mshale unatakiwa kuwa kati ya baa 1 na 1.5. Ukiwa chini ya hapo, boila nyingi hukataa kuwaka. Maji huongezwa kupitia kijibomba chenye vali, mara nyingi chini ya boila. Fuata kitabu cha maelekezo, fungua taratibu, na ufunge mara mshale unapofika mahali pake. Ikiwa presha inashuka tena baada ya siku chache, kuna mahali panavuja au kifaa kimechoka. Usiendelee kuongeza maji kila wiki, mwite fundi.

Usiku wa barafu, boila ikizima na kutoa mlio wa kugugumia, huenda bomba la plastiki linalotoa maji machafu nje ya nyumba limeganda. Kama unalifikia ukiwa umesimama chini, limwagie maji ya uvuguvugu, yasiwe yanayochemka, kisha uwashe boila upya.

Juu baridi, chini moto

Hapo kuna hewa ndani. Hewa hukaa juu na kuzuia maji yasijae. Dawa yake ni kuitoa:

1. Zima mfumo na usubiri upoe.
2. Tafuta ufunguo mdogo wa radieta. Huuzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya nyumba.
3. Weka kitambaa na chombo chini ya tundu lililo juu, pembeni mwa radieta.
4. Zungusha ufunguo kinyume cha saa, nusu mzunguko tu. Utasikia hewa ikitoka.
5. Maji yakianza kutoka mfululizo, funga.
6. Angalia presha ya boila, kwani huwa imeshuka, na uirekebishe.

Kama nyumba ni ya ghorofa, anza na radieta za chini. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na tundu hilo: kutu ndani ya mfumo huweza kuzalisha haidrojeni, nayo hushika moto.

Chini baridi, juu moto

Hili ni tope. Maji yakigusa chuma mahali penye oksijeni, kutu jeusi hujitokeza, hushuka chini ya radieta na kuziba njia. Kutoa hewa hakutasaidia. Radieta inahitaji kufunguliwa na kuoshwa, au mfumo mzima usafishwe, kisha itiwe dawa ya kuzuia kutu. Ndiyo sababu kuongeza maji mapya mara kwa mara ni hasara: kila mara unaingiza oksijeni mpya.

Radieta moja tu ndiyo baridi

Hakikisha kwanza kichwa cha vali hakiko kwenye 0. Angalia pia kama kimefunikwa na pazia au sofa. Kikizibwa, hunasa joto, hudhani chumba kimeshapata moto na kufunga maji.

Kama siyo hivyo, huenda kijiti kilicho ndani ya vali kimekwama, jambo la kawaida baada ya kiangazi. Fungua kichwa, bonyeza kijiti taratibu kwa kitu bapa, nacho kinatakiwa kurudi juu chenyewe. Usikivute kwa koleo. Kikitoka, maji yatamwagika.

Radieta za karibu na boila zikiwaka moto na za mbali zikibaki vuguvugu, mfumo haujasawazishwa. Vali za zile za karibu zinapunguzwa kidogo ili maji yafike mbali. Unaweza kufanya mwenyewe kwa subira, ukihesabu kila mzunguko na kuuandika.

Mahali pa kusimama

Usifungue kifuniko cha boila. Kwa sheria ya Uingereza, kazi ya gesi hufanywa na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register pekee. Mwombe kitambulisho chake. Nyuma kimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje na upige 0800 111 999.

Jambo kubwa kuliko yote: radieta zikikataa, usiingize jiko la mkaa ndani, hata kwa saa moja. Kwetu jiko huwekwa barazani au kwenye jiko lenye upenyo. Nyumba za baridi hufungwa pande zote. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke. Vaeni nguo nzito, kaeni wote chumba kimoja, tumieni hita ya umeme iliyo mbali na mapazia.

Ukiwa mpangaji

Katika England, sheria ya mwaka 1985 kuhusu wenye nyumba na wapangaji inamtaka mwenye nyumba kutunza na kutengeneza mfumo wa kupasha joto. Vifaa vya gesi vilivyo vyake lazima vikaguliwe kila mwaka. Toa taarifa kwa maandishi, weka tarehe, piga picha ya kipimo cha presha, na useme kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mzee au mgonjwa. Akikaa kimya, peleka malalamiko kwenye halmashauri ya eneo lako pamoja na nakala ya ujumbe huo.

Wanaoishi kwenye majengo yanayopashwa moto kutoka chanzo kimoja, kama ilivyo kwa wengi Ujerumani na nchi za kaskazini mwa Ulaya, waulize kwanza msimamizi wa jengo kabla ya kufungua tundu lolote. Maji hayo wanayatumia pamoja na majirani.