Mkataba Mchana, Silaha Usiku

Wanafunzi huniuliza: serikali yawezaje kutia saini amani huku ikiendeleza vita? Huwajibu kwa mfano wa Msumbiji.

RENAMO ililelewa tangu miaka ya 1970 na idara ya ujasusi ya Rhodesia, chini ya Ken Flower. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, malezi hayo yalihamia kwa ujasusi wa kijeshi wa Afrika Kusini. Tarehe 16 Machi 1984, Samora Machel na P. W. Botha walitia saini Mkataba wa Nkomati, kila upande ukiahidi kutowasaidia maadui wa mwenzake. Msumbiji iliwaondoa wapiganaji wa ANC. Lakini Agosti 1985, kambi ya RENAMO ya Casa Banana, Gorongosa, ilipotekwa, zilipatikana shajara zilizothibitisha kwamba misaada ya Pretoria haikukoma.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni la Nkomati lililipwa na wanavijiji wa Msumbiji, hadi mapatano ya Roma ya Oktoba 1992. Ndiyo maana nashikilia kwamba bunge lenye uwezo wa kuzihoji idara za siri si anasa. Pasipo hilo, saini ya rais haimlindi yeyote.