Shingo Kukakamaa Hakujaanza na Simu, Muulizeni Jina Kapuni

Kuna mshikaji wangu, jina kapuni, anaediti video za wasanii kwa simu. Juzi kati kaamka shingo haigeuki, ukimwita anazunguka mwili mzima kama roboti. Kilichomtisha si maumivu, ni vidole vya mkono wa kulia kufa ganzi, na mkono huo ndo unaomlisha. Daktari kamuuliza: kwa siku unainama saa ngapi?

Tunadhani hii kitu imeletwa na simu. Wapi! Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu cha magonjwa ya kazini, na humo wamo washonaji wanaokaa kutwa wameinama. Mwaka 1914 Wamarekani wakaanzisha kabisa American Posture League, wanahimiza watu wakae wima. Baadaye wakapitiliza: vyuo kadhaa, Yale ikiwemo, viliwapiga wanafunzi wapya picha za uchi eti kukagua mkao, na mchezo ukaendelea hadi miaka ya 1960. Jamani!

Sasa njoo huku kwetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilitoa utafiti wa akina mama wa Kenya. Wajaluo walibeba mzigo kichwani, Wakikuyu kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea nguvu ya kutembea. Yaani mama wa kilo 60 na mzigo wa kilo 12 anatembea kama yuko mikono mitupu! Nikamkumbuka bibi yangu na ngata yake, ndoo imejaa na haimwagiki. Ila tusidanganyane, bibi huyohuyo leo shingo inamsumbua. Kubeba miaka nenda rudi kunachosha pingili.

Mwaka 2014 daktari wa Marekani, Kenneth Hansraj, akapiga hesabu kwa kompyuta: kichwa cha kama kilo 5, ukikiinamisha nyuzi 60, shingo inabeba kama kilo 27. Mitandao ikawaka. Lakini 2018 watafiti wa Brazil wakachunguza vijana wa miaka 18 hadi 21, hawakuona uhusiano kati ya kuinamia simu na maumivu ya shingo. Mi naona kesi kubwa ni kuganda mkao mmoja masaa yote, bila hata kunyanyuka kunywa maji.

Jina kapuni kaambiwa simu iwe usawa wa macho, kila nusu saa asimame. Na zoezi moja: vuta kidevu nyuma kama unajitengenezea kidevu cha pili, hesabu mpaka tano, rudia mara kumi. Ganzi isipoisha, au mkono ukikosa nguvu, arudi hospitali haraka, asisubiri mtu wa kumkanda.

Jana nimemkuta kapindua ndoo juu ya meza, simu kaiegesha juu yake, kakaa wima kama askari wa gwaride. Anamalizia video ya msanii mmoja mkubwa tu. Huyo naye jina kapuni, maana hajamlipa bado.