Oksijeni nayo ni dawa: kisa cha macho ya watoto njiti

Muulize mtu yeyote sokoni Mwanjelwa kama oksijeni ni dawa, pengine atacheka. Si hewa tu ile? Lakini panda hadi Hospitali ya Wazazi Meta, hapa hapa Mbeya, wanakozaliwa njiti: kwao oksijeni ni dawa, na dozi ikikosewa, jicho ndilo linaloumia.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1942, Theodore Terry, daktari wa macho wa Boston, alieleza kuhusu njiti waliopofuka, wakiwa na utando mweupe nyuma ya lenzi. Hospitali za nchi tajiri zilikuwa zikiwapa oksijeni bila kipimo, kwa nia njema kabisa. Watoto kama 10,000 walipofuka. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne akainyooshea kidole oksijeni. Kule London, Norman Ashton akawaweka watoto wa paka kwenye oksijeni nyingi, akaona mishipa ya damu ya retina ikijifunga.

Iko hivi: mishipa hiyo huanza kuota karibu wiki ya 16 ya mimba na hufika ukingoni mwa retina mtoto akikaribia kuzaliwa. Njiti wa wiki 28 bado hajamaliza. Oksijeni ikizidi, mishipa husinyaa, damu hupungua, ukuaji husimama. Wiki kadhaa baadaye retina yenye njaa huita mishipa mipya, nayo huota hovyo, huvuja, na inaweza kuivuta retina mpaka ing'oke.

Mwaka 1954 jaribio kubwa la Marekani likathibitisha hayo. Hospitali zikabana oksijeni, upofu ukashuka. Sawa, ila njiti wakaanza kufa kwa kukosa hewa. Hesabu ya mwaka 1973 ilikadiria vifo 16 kwa kila mtoto mmoja aliyenusurika upofu. Mimi hapo huwa nakwama.

Huku Afrika, watafiti waliopita shule za wasioona miaka ya 1990 waliukuta ugonjwa huu kwa nadra. Si kwamba macho yetu ni imara zaidi. Njiti wengi hawakuishi. Sasa wanaishi, na mashine ya kuzalisha oksijeni hutoa karibu asilimia 90 na zaidi, wakati hewa ya kawaida ina 21. Pasipo kifaa cha kuichanganya na hewa, nesi hutegemea kipimo kinachofungwa mguuni mwa mtoto, akilenga 90 hadi 95.

Ugonjwa ukionekana mapema, hutibiwa kwa leza au sindano. Kwa hiyo kama una njiti, usingoje kuambiwa. Akifikisha wiki nne hivi, uliza: macho yake yanapimwa lini, na wapi?