Je, Sindano Inanyonya Damu? Safari ya Miaka Hamsini kati ya Chogoria na Embu

Kama una mboga jikoni, endelea kuchambua tu, masikio yako yanatutosha.

Leo hatuna dawa mpya ya kukueleza. Tunarudi nyuma kidogo kwa sababu ya swali moja ambalo akina mama waliopita miaka arobaini huliuliza tena na tena: "Sista, hii sindano ya kupanga uzazi si ndiyo inaninyonya damu?" Mama anauliza hivyo akiwa amechoka kweli. Akipanda mlima na debe la maji anapumua kama amekimbia, na viganja vyake vimepauka. Mara nyingine ameshaacha sindano kabla ya kuuliza, na miezi michache baadaye anarudi akiwa hoi zaidi kuliko mwanzo. Kwa nini iwe hivyo? Jibu lina historia ndefu.

Tuanze na damu yenyewe. Zamani hapakuwa na mashine. Mtu alitazamwa macho, ulimi na viganja. Waswahili wa pwani walikuwa na neno lao, safura, ugonjwa wa mtu aliyepauka na kuishiwa nguvu, na hadi leo minyoo inayofyonza damu tumboni tunaiita minyoo ya safura. Mwaka 1900 daktari mmoja wa Finland, Theodor Tallqvist, alitoa kijitabu cha karatasi za kufyonza pamoja na chati ya rangi nyekundu. Unatoboa kidole, tone la damu linaingia kwenye karatasi, kisha unalinganisha wekundu. Kwa miongo mingi zahanati za Afrika zilitumia karatasi hizo, na zilikosea mara nyingi. Ukikawia damu inakauka na rangi inabadilika. Dirisha likiwa na giza unasoma vingine. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati iliyo bora, na siku hizi vituo vingi vina mashine ndogo inayotoa jibu kwa dakika moja hivi. Kinachopimwa ni himoglobini, ile chembechembe yenye madini ya chuma inayoipa damu wekundu na kubeba hewa safi mwilini. Wengi wetu tunaiita HB tu.

Sasa tuje kwenye uzazi. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilialika wataalamu wa Population Council kutoka Marekani waishauri juu ya ongezeko la watu. Mwaka 1967 mpango wa taifa wa kupanga uzazi ukaanza chini ya Wizara ya Afya, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Njia iliyotegemewa sana mwanzoni ilikuwa kitanzi cha plastiki, yaani koili ya wakati huo. Ilikuwa rahisi na ilikaa miaka. Lakini kitanzi kile kiliongeza hedhi, kama vile koili ya shaba inavyoweza kufanya hata leo. Kwa mama aliyekuwa na damu ya kutosha, hiyo ilikuwa kero tu. Kwa aliyetoka kuzaa mtoto wa saba na anakula githeri bila nyama, ilikuwa hasara. Kwa hiyo hofu ya kwamba "vitu vya kupanga uzazi vinamaliza damu" haikutoka hewani. Mama zetu waliona kwa macho yao. Kosa lilikuja baadaye, pale hofu ya njia moja ilipobandikwa kwa njia zote.

Mpango huo haukupata wengi kwa haraka. Uchunguzi wa taifa wa 1977 hadi 1978 ulionyesha kwamba mama wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8, na ni wanawake 7 tu kati ya 100 walioolewa waliotumia njia yoyote. Fikiria hilo kwa upande wa damu. Mimba moja humgharimu mama takriban miligramu 1000 za madini ya chuma: kwa mtoto, kondo la nyuma, ongezeko la damu yake mwenyewe na damu ya kujifungua. Sehemu ya hayo hurudi akishajifungua, lakini nyingi imekwenda.

Hapa ndipo eneo letu linaingia kwenye vitabu. Hospitali ya Chogoria, iliyoanzishwa mwaka 1922 na Daktari Archibald Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland na baadaye kuwa ya PCEA, haikungoja akina mama wapande mlima kuifuata. Ilifungua zahanati vijijini na kutumia wahudumu wa kujitolea, watu wanaojulikana, wanaoongea Kimeru, wanaoweza kuketi na mama chini ya mgomba na kumsikiliza. Uchunguzi uliofanywa huko mwaka 1985 ulikuta wanawake 43 kati ya 100 walioolewa wanatumia njia ya kupanga uzazi, wakati taifa zima mwaka 1984 lilikuwa na 17 tu. Wastani wa watoto Chogoria ulikuwa 5.2, na wa taifa ulikuwa karibu 8. Wapo wanaosema ni shule, kahawa na mashamba yaliyokuwa yanagawanywa hadi kubaki vipande. Sikatai. Lakini kahawa ilikuwepo sehemu nyingine pia, na huko hapakuwa na jirani wa kugonga mlango na kueleza.

Vidonge vilivyogawiwa miaka hiyo havikuwa vile vya kwanza. Vile vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1960 vilikuwa na homoni nyingi mno, na ilipogundulika kwamba vinaweza kugandisha damu kwenye mishipa, dozi ikapunguzwa mara kadhaa. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Pakiti nyingi zilizofika Kenya zilikuwa na vidonge 28: 21 vyenye homoni na 7 vya rangi ya kahawia. Vile saba ni madini ya chuma. Viliwekwa makusudi, mama amalize mwezi akiwa ameongeza damu kidogo na asisahau kuanza pakiti nyingine. Nimeona akina mama wakivitupa, wakisema ni vya bure, havina kazi. Mama, usivitupe.

Baadaye sindano ya miezi mitatu ikavipita vidonge. Kufikia uchunguzi wa taifa wa 1998 ndiyo iliyokuwa njia ya kisasa inayotumika zaidi nchini, na mwaka 2022 bado ilikuwa mbele, vipandikizi vya mkononi vikiifuata kwa karibu sana. Sababu mojawapo ni siri: hakuna pakiti ya kuficha chini ya godoro. Lakini sindano ilikuja na jambo lililotisha. Miezi ya kwanza damu inatoka ovyo, leo matone, kesho hakuna. Kisha, baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya akina mama hawaoni hedhi kabisa. Hapo maneno yakaanza sokoni: damu inajikusanya tumboni, inakuwa uvimbe, inapanda kichwani.

Sikiliza vizuri hapa. Hedhi si damu chafu inayongoja kutoka. Kila mwezi mji wa mimba hujitandikia utando wenye damu, na usipopata mimba utando huo humwagika. Homoni ya sindano huzuia utando usijengeke. Kisichotandikwa hakina cha kumwagika. Hakuna kitu kilichofungiwa ndani.

Tupige hesabu kidogo. Mwaka 1966 huko Göteborg, Sweden, Leif Hallberg na wenzake walipima damu ya hedhi ya wanawake 476. Wengi walipoteza mililita 30 hadi 40 hivi kwa mwezi, na waliopita 80 ndio walioanza kuishiwa chuma. Kila mililita moja ina karibu nusu miligramu ya chuma. Basi mama anayetokwa na mililita 80 anapoteza miligramu 40, yaani zaidi ya miligramu 1 kila siku, wakati mlo wa mahindi na maharagwe, hasa ukifuatwa na chai ya majani, unaweza kumpa mwili chini ya miligramu 1 kwa siku. Na ni katika miaka ya arobaini ambapo hedhi ya wengi huwa nzito au kuvurugika, kabla haijakoma. Mama wa umri huo anayeacha sindano au vidonge "ili damu irudi" anaweza kuifungulia mlango wa kutokea. Tafiti kadhaa za Afrika zimekuta watumiaji wa njia za homoni wakiwa na upungufu wa damu kwa kiasi kidogo kuliko wasiotumia, ingawa ni haki kusema kwamba wanaofika kliniki huenda pia wanakula vizuri zaidi.

Tena chakula peke yake hakimalizi mambo. Kyeni, Embu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles walikaa na familia kuanzia 1984, mwaka ule wa njaa. Mwaka 1998 walirudi mashuleni, wakawapa watoto githeri yenye nyama, au maziwa, au mafuta. Waliokula nyama walifanya vizuri darasani, na vitamini B12 ilipanda kwa waliopata nyama au maziwa. Lakini hali ya chuma haikupanda kama ilivyotarajiwa, na malaria na maambukizi mengine yalishukiwa. Kwa hiyo neti ya mbu na dawa ya minyoo ni sehemu ya damu yako pia.

Namalizia na hesabu iliyobadilika majuzi. Kwa muda mrefu mwanamke asiye mjamzito alihesabiwa kuwa na damu ya kutosha akifikisha 12. Lakini sisi tunaishi juu. Mlimani hewa ni nyepesi, na mwili hutengeneza himoglobini zaidi ili kufidia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unataka kipimo kirekebishwe kulingana na mwinuko. Embu mjini, karibu mita 1350 juu ya bahari, mpaka unakuwa 12.8. Kule kwenye majani chai, juu ya mita 1500, ni 13.1. Mama wa Embu aliyepimwa akapata 12.3 na kuambiwa yuko sawa, huenda hayuko sawa.

Ukienda kupimwa, mwambie muuguzi unaishi wapi, unatumia njia gani na tangu lini, hedhi yako inachukua siku ngapi, na kama inatoka na mabonge. Kama umeshamaliza mwaka mzima bila hedhi, bila kutumia homoni, kisha ukaona damu, hata tone, nenda wiki hiyo hiyo. Na kama una shinikizo la damu au unavuta sigara na umepita miaka 35, vidonge vya homoni mbili si vyako. Uliza sindano, kijiti au njia nyingine. Kadi yako ya kliniki uibebe, hata kama imechakaa.