Hesabu ya Umri wa Mbwa Tangu Karne ya 13

Mbele ya madhabahu kuu ya kanisa la Westminster Abbey, London, ipo sakafu ya vipande vya mawe na vioo iliyotengenezwa mwaka 1268, enzi za Mfalme Henry wa Tatu, ambayo maandishi yake ya Kilatini, leo yakiwa yamefutika kwa sehemu kubwa, yalimwezesha msomaji kukokotoa umri wa ulimwengu. Humo ua wa miti hupewa miaka 3, na kila kinachofuata huishi mara tatu ya kilichotangulia: mbwa, farasi, mwanadamu, ayala, kunguru, tai, nyangumi, na mwisho ulimwengu wenyewe, unaofikia miaka 19,683. Mbwa hupata miaka 9 na mwanadamu 81, kwa hiyo mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na miaka 9 ya mtu. Lakini shabaha ilikuwa Kiyama, na mbwa alipitiwa tu njiani.

Katika karne ya 18 Buffon, mtaalamu wa viumbe wa Ufaransa, alidai kwamba urefu wa maisha hutegemea muda wa kukua, na kwamba mnyama huishi takriban mara sita au saba ya muda huo. Wazo hilo lilikuwa na maana zaidi kuliko kanuni ya saba iliyoenea katika karne ya 20, ambayo hugawanya tu miaka 70 ya mtu kwa 10 ya mbwa na kusahau yaliyo katikati, ilhali mbwa jike wa mwaka mmoja aweza kuzaa, jambo lisilotazamiwa kwa mtoto wa miaka saba.

Kasoro hiyo ndiyo aliyoishughulikia Lebeau, daktari wa mifugo Mfaransa, mwaka 1953, alipoulinganisha mwaka wa kwanza wa mbwa na miaka 15 ya mtu, wa pili ukamfikisha 24, na kila mmoja baada ya hapo ukaongeza minne.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichunguza damu ya mbwa 104 wa aina ya Labrador, wakipima methilesheni, yaani alama za kikemikali zinazojibandika kwenye DNA na kubadilika kadiri umri unavyosonga. Kwa fomula yao, ambamo logi asilia ya umri wa mbwa huzidishwa kwa 16 kisha kujumlishwa 31, mbwa wa mwaka mmoja hulingana na mtu wa miaka 31, na wa miaka minne na mtu wa 53. Tarakimu ya kwanza, zaidi ya maradufu ya ile ya Lebeau, hushangaza, na haifai kuchukuliwa kuwa kipimo cha utu uzima, kwani alama hizo hazisemi lolote kuhusu tabia wala malezi. Aidha, Labrador ni aina moja tu: mbwa wakubwa sana kama Great Dane mara nyingi hufa kabla ya kutimiza miaka 10, huku Chihuahua wengi wakivuka 12, na ndiyo maana majedwali ya madaktari wa mifugo siku hizi huwa na safu tofauti kwa kila kundi la uzito.